Mayai 56, vifaranga 13: yalivia wapi?

Shangazi alinipigia simu saa moja asubuhi, sauti imemkauka. "Mwanangu, mayai yangu yamekuwa viza. Njoo uone, na huyu jogoo leo namchinja." Nilipofika kwake Mkuranga, mkoani Pwani, jua lilikuwa limeshapanda. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, beseni la mayai mbele yake, jogoo kafungwa mguu kwenye mwembe. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri, akaanza hesabu. Mayai 56 yaliingia mashineni, vifaranga 13 wametoka, leo siku ya 23, na waliobaki hata kugonga ganda hawagongi.

Nilimwomba mambo mawili tu: jogoo afunguliwe, na mayai yasitupwe.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Anafuga kienyeji, matetea 9 na jogoo mmoja, wanashinda uani na kulala bandani. Vifaranga alikuwa akiwapata kwa njia ya kawaida, koo akiatamia mwenyewe. Mwaka huu akanunua mashine ndogo ya kutotolesha, yenye feni na ya kujigeuzia mayai yenyewe, uwezo wake mayai 56. Ilikuwa Februari, kaskazi imepamba moto. Kwa kuwa kuku wake walikuwa wakimpa mayai matatu au manne kwa siku, ilimchukua siku 16 kufikisha 56. Siku zote hizo mayai yalikaa kwenye trei juu ya rafu ya jikoni, mahali ambapo paka na watoto hawafiki. Chini ya rafu ile ndipo anapowashia jiko la mkaa.

Kila aliyepita barazani alikuwa na mshitakiwa wake. Jirani alisema ni umeme, maana ulikatika mara mbili, usiku wa siku ya 12 kwa muda wa saa 4, na jioni ya siku ya 18 kwa muda wa saa 5. Fundi aliyemfungia soketi alisema mashine yenyewe ni mbovu. Shangazi alikuwa na jogoo wake. Mimi nilianza na mashine kwa sababu ndiyo nyepesi kuichunguza: niliingiza kipimajoto cha homa usawa wa mayai, nikafunga, nikasubiri. Kikasoma 37.6. Mashine yenye feni inatakiwa kuwa kati ya 37.5 na 37.8, basi hapo hapakuwa na neno.

Shahidi wa kweli ni yai lenyewe. Kifaranga akifa ndani ya ganda, ukuaji unasimama palepale, na ukilipasua yai unaona alifika wapi. Watu wengi huyatupa shimoni mayai yaliyobaki kwa hasira au kwa kinyaa, na pamoja nayo wanatupa jibu la swali lao. Tulikaa chini ya mwembe tukiwa na ndoo, beseni la maji, kijiko na daftari. Kwanza nilikagua kama lipo yai linalotoa jasho la kahawia au kunuka, maana yai la namna hiyo limejaa gesi na linaweza kukulipukia usoni. Lingekuwepo tungelizika zima. Halikuwepo. Tukaanza kupasua upande ule mpana, penye kifuko cha hewa, tukichuna ganda kwa kucha, taratibu.

Yai la tatu ndilo lililotunyamazisha. Ndani alikuwamo kifaranga kamili, manyoya yote, kucha zote, kijino cha kuvunjia ganda bado kipo juu ya mdomo. Alikuwa ameshatoboa tundu dogo kama punje ya mtama. Lakini ule utando mweupe wa ndani ulikuwa umekauka na kumganda shingoni na begani kama karatasi iliyopakwa gundi. Shangazi alimchukua kiganjani, akamtazama kwa muda. "Huyu alikuwa amefika mlangoni," akasema, akamlaza pembeni, hakumtia ndooni.

Tulipomaliza yote 43, daftari lilisomeka hivi. Mayai 7 yalikuwa matupu, hayana dalili yoyote ya kukua. Mayai 19 yalikufa mapema, ndani ya wiki ya kwanza: mengine yana pete nyembamba ya damu tu, mengine yana kiinitete kisichozidi punje ya harage, chenye doa jeusi la jicho. Mayai 4 yalifia katikati, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza. Na 13 walikuwa vifaranga kamili waliofia mwishoni. Kati yao 5 walikuwa wameshatoboa ganda, 8 hawakuwa wametoboa hata utando wa ndani.

Jogoo akapata nafuu hapo hapo. Kama mayai 7 tu kati ya 56 ndiyo matupu, basi 49 yalikuwa na mbegu. Na hata hayo 7 si lazima yote yawe hayakupandwa, kwa sababu kiinitete kinachokufa saa za mwanzo kabisa hakiachi alama unayoweza kuiona kwa macho. Jogoo mmoja kwa matetea 9 ni uwiano mzuri. Kumchinja kungempunguzia shangazi jogoo na kusingemwongezea kifaranga hata mmoja.

Umeme nao ukapungukiwa na ushahidi. Umeme ukiua usiku wa siku ya 12, unaacha maiti za siku ya 12, nyingi kwa mkupuo na za ukubwa mmoja. Sisi tulikuwa na 4 tu za katikati, tena za umri tofauti. Saa 4 bila umeme katika hali ya hewa ya Mkuranga mwezi wa pili si baridi ya kuua; koo mwenyewe hushuka kiotani kila siku kwenda kula na kunywa, na mayai hupoa kidogo bila kudhurika.

Basi 19 yale yalikufa kwa nini? Hapa ualimu wa shangazi ndio uliotuokoa. Kila yai, siku lilipookotwa, aliliandika tarehe kwa penseli. Hakuwa na sababu kubwa. Alisema tu hawezi kuweka kitu bila kukiandika. Kwa hiyo kila ganda tulilolivunja lilikuwa na tarehe, na maganda ya yale yaliyoanguliwa tuliyakuta ndani ya mashine. Nikayapanga upya kwa tarehe badala ya kwa kifo.

Mayai yaliyookotwa siku 7 za mwanzo yalikuwa 24. Kati yake, 15 yalifia wiki ya kwanza ya mashine, na lililotoa kifaranga ni 1 tu. Ya siku 4 za katikati yalikuwa 13. 3 yalikufa mapema, vifaranga wakatoka 2. Ya siku 5 za mwisho yalikuwa 19. Lililokufa mapema ni 1 tu, na vifaranga wakatoka 10. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaisoma tena hesabu ile. Mashine ni moja, jogoo ni mmoja, umeme uliokatika ulikatika kwa yote. Kilichotofautiana ni siku ambazo yai lilikaa kwenye rafu.

Wengi hudhani uhai wa yai unaanza siku linapoingia mashineni au chini ya koo. Sivyo. Yai hukaa tumboni mwa kuku kwa takriban siku nzima likitengenezwa, na sehemu kubwa ya muda huo, kama limepandwa, chembe hai (seli) zinagawanyika. Linapotagwa, kiinitete tayari kina maelfu ya chembe. Kikitoka nje na kupoa, kinalala. Usingizi huo ndio unaomruhusu mfugaji kukusanya mayai kidogo kidogo na kuyaanzisha yote siku moja. Lakini ili kilale vizuri kinataka ubaridi. Vituo vikubwa vya kutotolesha huyahifadhi mayai kwenye vyumba vya nyuzi 15 hadi 18. Nyumba ya pwani wakati wa kaskazi inapita nyuzi 30 mchana, na rafu iliyo juu ya jiko la mkaa inapita hapo. Kiinitete katika joto hilo hakilali wala hakikui. Kinajikongoja, kinatumia nguvu zake, chembe zinakufa moja moja. Ukikiingiza kwenye mashine siku ya 16, kinaanza safari kikiwa kimeshachoka. Kinajitahidi siku tatu nne, kinachora ile pete ya damu, kinakoma.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nalipenda hadi leo. "Sasa mbona kuku mwenyewe anataga wiki mbili nzima huko kichakani, joto hilo hilo, ndipo anaatamia, na anatotoa karibu yote?"

Ni kweli, na mtu anayefundisha ufugaji bila kulijibu hilo hawezi kuaminiwa na mfugaji wa kienyeji, kwa sababu mfugaji ameliona kwa macho yake. Jibu liko katika kile anachokifanya tetea kila akirudi kutaga. Kwanza kiota chake mara nyingi kiko chini, kwenye kivuli na udongo wenye ubichi, si juu ya jiko. Pili, hatagi akaondoka mara moja. Hukaa juu ya mayai yale ya zamani kwa kitambo, akayapasha joto kamili la mwili wake, akayageuza kwa mdomo, ndipo anashuka na kuyaacha yapoe. Joto kamili la muda mfupi, halafu kupoa, linakipa kiinitete nafasi ya kujitengeneza. Vituo vya kisasa vya kutotolesha sasa vinaiga jambo hilo hilo, vikiyapasha kwa saa chache mayai yatakayohifadhiwa muda mrefu. Rafu ya jikoni inatoa kinyume chake: uvuguvugu usiokwisha na kutoguswa kabisa. Hayo mawili hayafanani hata kama kipimajoto kinakaribiana.

Nilibaki na wale 13 waliofia mwishoni, na hapa sikuwa na furaha kusema, kwa sababu kosa lilifanywa kwa mapenzi. Jioni ya siku ya 18 umeme ulipokatika, shangazi alilifunika boksi la mashine kwa blanketi, pande zote, juu na chini, akalifunga na khanga. Umeme ulirudi usiku amelala. Blanketi likakaa hadi asubuhi, limeziba matundu yote ya hewa. Kifaranga wa siku ya 18 ni mkubwa, anatoa joto lake mwenyewe, na anahitaji hewa nyingi kuliko alivyohitaji siku yoyote ya nyuma. Baridi ya saa 5 angeivumilia. Kuzibiwa pumzi usiku kucha ni jambo jingine. Wale 8 ambao hawakuwa wametoboa hata utando wa ndani, naamini wengi wao walikwisha usiku ule.

Wale 5 waliotoboa wana habari yao. Siku tatu za mwisho hewa ya mashine inatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 65 au zaidi, na kifuniko hakifunguliwi. Shangazi alitia maji kama inavyotakiwa. Lakini vifaranga wa kwanza walipotoka siku ya 20, alikuwa akifungua kila saa kadhaa kuwatoa waliokauka, kwa hesabu yake mwenyewe zaidi ya mara 10. Kila akifungua unyevu unatoka wote kwa pumzi moja, na aliye katikati ya kutoboa utando unamkaukia mwilini. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama mama yeyote: "Niliogopa watakufa njaa."

Hawafi. Muda mfupi kabla ya kutoka, kifaranga hufyonza kiini cha njano kilichobaki na kukiingiza tumboni, na chakula hicho kinamtosha siku mbili bila kula wala kunywa. Ndiyo maana koo anaweza kutulia kiotani akiwasubiri wa mwisho huku wa kwanza wako chini ya bawa tangu jana. Na katika mashine ya shangazi kusubiri kulikuwa na maana zaidi, maana yai la zamani huchelewa: kila siku ya kuhifadhiwa huongeza kama saa moja ya kuangua. Wale wa tarehe za mwanzo walikuwa nyuma ya wenzao kwa zaidi ya nusu siku, na ndio walioikuta hewa kavu.

Tulipomaliza kuzika, vifaranga 13 walikuwa wakilia jikoni kwenye boksi la katoni chini ya balbu. Wamebanana kona moja chini ya taa, wamepandana. Kifaranga hasemi uongo kuhusu joto: akisikia baridi hujikusanya chini ya taa, akisikia joto huikimbia na kutweta, akiwa sawa hutawanyika akidonoa. Chini ya boksi palitandikwa gazeti, na mmoja tayari miguu ilikuwa imemtanuka huku na huku kwa utelezi. Tukamfunga miguu kwa kipande cha plasta, tukiacha nafasi ya upana wa mabega yake, tukabadilisha gazeti kwa maranda. Siku ya pili alikuwa anasimama.

Tungeweza kujenga kinengunengu, yaani kizimba cha kulelea vifaranga kwa joto, cha mabati na chungu cha mkaa, tukawalea kwa nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza na kupunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Lakini stoo kulikuwa na koo mweusi. Kwa siku zaidi ya kumi alikuwa ameatamia majani matupu nyuma ya magunia ya mahindi, kwa sababu mayai yake yote shangazi aliyachukua kwa ajili ya mashine. Nilimwona nikafurahi. Mchana ule tulimpaka dawa ya unga ya utitiri, tukaondoa majani ya zamani, tukaweka mapya.

Saa tatu usiku tuliingia stoo bila tochi. Vifaranga walikuwa na siku moja hadi tatu, na ukipitisha hapo kupokewa kunakuwa kugumu, hata vifaranga wenyewe hawamtambui mama. Nilipenyeza mkono chini ya kifua chake. Palikuwa na joto la kushangaza, ngozi tupu isiyo na manyoya, ile anayoianika kwa ajili ya mayai. Akavimba, akanguruma, akanidonoa mara moja kwenye kifundo. Nikamwacha wa kwanza. Tukasubiri. Wa pili, wa tatu. Kufikia wa sita ngurumo ilikuwa imekwisha, akawa anatoa sauti moja ya chini, fupi fupi, ambayo shangazi aliitambua kabla yangu. "Anawaita," akanong'ona. Kelele za jikoni za mchana kutwa zikazimika chini ya bawa moja baada ya jingine, hadi tukabaki tunasikia pumzi zetu.

Asubuhi tuliwakuta wote 13, vichwa vinachungulia. Siku 10 za mwanzo tulimfunika koo kwa tenga uani, vifaranga wakipita kwenye matundu kula chakula chao cha starta ambacho yeye hakifikii. Kifuniko cha maji tulikijaza vijiwe wasizame. Wiki ya kwanza bwana mifugo aliwadondoshea chanjo ya mdondo (kideri), tone moja jichoni. Ile ya I-2, inayotengenezwa hapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari, asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, jambo kubwa kwa vijiji visivyo na friji, ingawa juani haiachwi. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, basi majirani walileta wa kwao. Naomba anayesoma hapa asilipite hilo: mdondo ukiingia, mkia wa hadithi yote hii unakatwa kwa siku chache, na chanjo lazima irudiwe kila baada ya miezi 3.

Mmoja alikufa siku ya tatu, kitovu hakikufunga. Kunguru alichukua wawili wiki ya tatu, tenga lilipoondolewa mapema mno. Wakabaki 10.

Machi, kabla masika hayajashika, shangazi alitaka kujaribu tena. Nilimwomba akusanye kwa siku 6 tu. Hakupenda. Mashine ya mayai 56 inakushawishi uijaze, na kuiwasha na nusu yake haina kitu kunaonekana ni kuuchezea umeme. Alitaka kununua ya majirani kuongezea. Nikamkataza, kwa sababu kuhara nyeupe kwa vifaranga hupita ndani ya yai kutoka kwa mama, na hakujua afya ya kuku wale. Mayai yakahifadhiwa chumba cha nyuma, chini sakafuni, pembeni ya mtungi wa maji, kwenye kapu lenye mchanga mbichi, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Yalifika 21. Siku ya 7 tuliyamulika kwa tochi, tukatoa 3: mawili matupu, moja lina pete ya damu. Siku ya 18 maji yakaongezwa, na shangazi akabandika karatasi kwenye kifuniko: USIFUNGUE. Aliibandika kwa ajili yake mwenyewe. Umeme ulikatika siku ya 20 kwa saa 2. Aliweka khanga moja juu, matundu wazi.

Kutoka mayai 21 walitoka vifaranga 17. Mmoja alifia ndani. Nilimpigia hesabu: yai la kienyeji kwao linauzwa shilingi 500, na mzunguko wa kwanza ulizika mayai ya shilingi 21,500 ambayo wajukuu wangeyala yakiwa mabichi na mazuri.

Wiki ya nne tuliwatenga vifaranga na koo mweusi, akarudi kwa wenzake. Kama wiki tatu baadaye alianza kutaga tena, nyuma ya magunia yale yale. Yai la kwanza shangazi aliliokota lingali na joto, akaliandika tarehe kwa penseli, akalirudisha chini yake.